Dakika za Tiba na Mali ya Umma

Si watu wengi wanaodhani kwamba kumwinua mzee aliyevunjika nyonga na kumfundisha upya kupiga hatua ni jambo liwezalo kutikisa hazina ya dola kubwa. Lakini tangu serikali zilipochukua dhima ya kulipia matibabu ya raia, kila tendo la tabibu limelazimika kupewa alama yake katika daftari, na alama hiyo, iitwayo msimbo, ndiyo iamuayo ni kiasi gani cha mali ya umma kitoke, na kiende kwa nani. Abadiliye msimbo hubadili malipo, na abadiliye malipo, apende asipende, hubadili mwenendo wa walipwao. Hapana nchi iliyolijaribu jambo hili kwa fedha nyingi kuliko Marekani, na yaliyoifika yanafaa kuwa funzo kwa wengine.

Medicare, bima ya serikali kwa wazee wa miaka 65 na zaidi, na kwa baadhi ya watu wenye ulemavu, ilitiwa saini na Rais Lyndon Johnson mwezi Julai 1965. Mzee aliyelazwa hospitali kwa siku zisizopungua 3, akatoka ilhali bado hajiwezi, aweza kupelekwa katika nyumba ya uuguzi kupata huduma za utengamao: mazoezi ya viungo, tiba kwa vitendo ya kumrudishia uwezo wa kuvaa na kuoga mwenyewe, na tiba ya usemi na ya kumeza. Bima humlipia hadi siku 100, na katika 20 za mwanzo mgonjwa hadaiwi chochote. Hapo awali wenye nyumba hizo walirudishiwa gharama walizozitaja, nazo gharama, kwa tabia ya vitu visivyo na kizuizi, zikapanda mwaka hadi mwaka. Ndipo Bunge likapitisha sheria mwaka 1997, na kuanzia Julai 1998 malipo yakawa ni kiwango cha siku kilichopangwa mapema, kwa kadiri ya kundi aliloangukia mgonjwa.

Na je, mgonjwa aliangukiaje katika kundi? Kwa wale wa utengamao, kipimo kikuu kilikuwa dakika za tiba katika siku 7. Ngazi zilikuwa tano, ya chini kabisa dakika 45 na ya juu kabisa dakika 720, na iliyoifuata ile ya juu ilianzia dakika 500. Kwa hiyo aliyepewa dakika 719 alilipiwa sawasawa na aliyepewa 500, ilhali dakika moja zaidi ilimpandisha daraja na kuongeza malipo ya kila siku. Yamkini msomaji amekwisha kung'amua yaliyofuata. Dakika 720 zikigawanywa kwa siku 5 ni dakika 144 kwa siku, yaani zaidi ya saa mbili za mazoezi kwa ajuza ambaye juzi tu alikuwa chini ya kisu cha daktari. Hata hivyo wagonjwa waliofikishwa katika daraja hiyo wakazidi kuongezeka, kana kwamba wazee wa nchi nzima wamepata nguvu mpya kwa pamoja. Mwaka 2012 Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Afya alitoa taarifa kwamba robo ya madai ya nyumba hizo ya mwaka 2009 yalikuwa na kasoro, na kwamba dola bilioni 1.5 zililipwa isivyostahili. Mwaka 2016 kampuni ya Life Care Centers of America ilikubali kulipa dola milioni 145 ili kumaliza mashtaka ya kudai malipo ya tiba isiyokuwa na haja, bila ya kukiri kosa.

Basi ikafanywa tadbiri mpya. Tarehe 1 Oktoba 2019 dakika ziliondolewa katika hesabu ya malipo, na mahali pake pakawekwa hali ya mgonjwa mwenyewe: msimbo wa maradhi yaliyomleta, uwezo wake wa kujimudu, maradhi mengine aliyonayo, na kama ana taabu ya kumeza au upungufu wa akili. Fauka ya hayo, malipo ya mazoezi yalipangwa yapungue kidogo kidogo baada ya siku ya 20, ili asiwepo wa kumkawiza mgonjwa kwa tamaa. Madhumuni yalikuwa mema, na wasimamizi wa Medicare walitangaza kwamba badiliko hilo halingeongeza wala kupunguza matumizi ya serikali hata kidogo.

Lakini fundi alipwaye kwa siku hana haraka ya kuumaliza ukuta, na alipwaye kwa ukuta hana haja ya kukawia juu yake. Mwezi ule ule wataalamu wengi wa tiba ya viungo waliachishwa kazi, kwa kuwa dakika zao, zilizokuwa chumo jana, leo zilikuwa gharama. Wastani wa tiba ulishuka kutoka kama dakika 91 kwa siku kwa kila mgonjwa hadi kama 62, na tiba ya kuwakusanya wagonjwa wawili au zaidi kwa mtaalamu mmoja, ambayo hapo kabla ilikuwa nadra, ikaenea. Wakati huohuo karatasi zikanena habari nyingine: taabu za kumeza, vyakula vya kusagwa na upungufu wa akili vikaanza kuandikwa kwa wingi kuliko zamani, maana kila kimoja kilikuwa na thamani yake katika ankara. Huenda mengi ya hayo yalikuwapo tangu zamani na hayakuandikwa kwa kuwa hayakulipiwa. Lakini hazina hailipi yaliyokuwapo, hulipa yaliyoandikwa.

Hesabu ilipofungwa, wasimamizi waliona kwamba katika mwaka wa kwanza matumizi yalizidi kiasi kilichokusudiwa kwa karibu asilimia 5, yaani dola bilioni 1.7 hivi, hata baada ya kuwatoa wagonjwa wa Uviko-19 katika hesabu. Wakaamua kupunguza viwango kwa asilimia 4.6, nusu yake katika mwaka wa fedha wa 2023 na nusu katika ule wa 2024. Wala haikuwa mara ya kwanza: makundi yalipopangwa upya mwezi Oktoba 2010, matumizi yalipita kadirio, na mwaka uliofuata serikali ikalazimika kukata asilimia 11.1 ya malipo, kama dola bilioni 3.87.

Na wagonjwa je? Wasimamizi walisema kwamba hawakuona badiliko kubwa katika mambo kama kuanguka na kuumia vibaya, au kurudishwa hospitali. Ikiwa ndivyo, basi sehemu ya dakika zilizolipiwa kwa miaka mingi haikuwa na faida kwa mtu ila mlipwaji. Lakini insafu yatutaka tuseme pia kwamba kutoanguka si sawa na kuweza kupanda ngazi za nyumbani kwako, na kwamba mtu aweza kukosa kurudi hospitali akabaki kitini maisha yake yote. Kipimo kisichouliza mgonjwa amerudia kazi gani kwa mikono na miguu yake hakijapima utengamao.

Hatuyatazami mambo haya kwa mbali. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya ilianza mfumo wake mpya wa bima ya afya Oktoba 2024. Nchi zote mbili zina kazi ya kuandika kipi kilipiwe na kwa kiasi gani, na aliyepooza kwa kiharusi au kuvunjika mguu kwa ajali ya bodaboda yumo miongoni mwa wanaongoja jibu. Waandikao orodha hizo wasitafute msimbo usioweza kuhadaiwa, kwa kuwa haujapata kuandikwa; watenge tangu mwanzo watu wa kuihesabu fedha kila mwaka baada ya badiliko, waitangaze hesabu hiyo hadharani, na wawe na ujasiri wa kusahihisha viwango kabla kosa halijageuka kuwa desturi.