Umri wa Kalenda na Umri wa Mwili

Katika mazungumzo ya kila siku neno "umri" lina maana moja tu, yaani idadi ya miaka tangu mtu alipozaliwa. Wanabayolojia, hata hivyo, hutofautisha umri wa aina mbili. Wa kwanza ni umri wa kalenda, ambao huongezeka kwa watu wote kwa kasi moja. Wa pili ni umri wa mwili, yaani kiasi ambacho moyo, mapafu, figo, mishipa ya damu na viungo vinginevyo vimekwisha kuchakaa. Huu wa pili hauendi kwa kasi moja kwa kila mtu, nao ndio unaohusika zaidi na afya.

Mifano kutoka njia ya misafara

Tofauti hiyo yaweza kuonekana katika historia ya Tabora, kituo kikuu cha njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Huko Kwihara, karibu na mji huo, David Livingstone alikaa kwa miezi kadhaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Umri wake wa kalenda ulijulikana bila shaka, kwani alizaliwa tarehe 19 Machi 1813. Lakini mwili wake ulikuwa umedhoofishwa na homa za mara kwa mara, kuhara damu na njaa za safarini. Alifariki mwaka 1873, akiwa na miaka 60.

Huko Kipalapala, mahali pengine karibu na Tabora, Mapadre Weupe walikuwa na kituo katika miaka ya 1880 ambapo walilea watoto waliokombolewa utumwani. Mara nyingi mtoto wa namna hiyo hakuwa na mtu wa kumwambia alizaliwa mwaka gani. Katika hali kama hiyo umri hauna budi kukadiriwa kwa kuutazama mwili wenyewe, na meno ni mwongozo bora kuliko kimo. Gego la kwanza la kudumu huota yapata miaka 6, na la pili yapata miaka 12. Lishe mbaya hudumaza kimo kwa urahisi zaidi kuliko inavyochelewesha meno.

Mtoto mwingine aliyekombolewa, huko Algeria, alikuwa Adrien Atiman, mzaliwa wa nchi za mto Niger. Alisomea uganga Malta, akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Mwaka wake wa kuzaliwa hukadiriwa tu kuwa karibu na 1866. Aliwatibu watu wa Karema kwa muda wa zaidi ya miaka 60, akafariki mwaka 1956, umri wake ukikaribia miaka 90.

Maisha ya watu wawili hayatoshi kuthibitisha kanuni. Tena, ugonjwa na uzee si kitu kimoja. Hata hivyo mifano hiyo yaonyesha kwamba tarehe ya kuzaliwa, hata ikijulikana barabara, haielezi nguvu iliyosalia mwilini. Na isipojulikana, nguvu hiyo haipungui kwa sababu hiyo.

Jinsi mwili unavyochakaa

Kijana mwenye afya ana akiba kubwa ya nguvu katika kila kiungo. Mtu aweza kuishi vizuri kwa figo moja, na mapafu yaweza kuvuta hewa nyingi kupita inayohitajika mtu akiwa ameketi. Kuzeeka ni kupungua kwa akiba hiyo. Mtu hatambui upungufu huo mpaka siku anapopanda mlima, au anapopatwa na homa kali, mwili ukadai nguvu ambayo haipo tena.

Mapafu ni mfano mzuri kwa sababu hupimika kwa urahisi. Hewa ambayo mtu aweza kuitoa kwa nguvu katika sekunde ya kwanza huanza kupungua baada ya miaka 25 au 30, kwa wastani wa mililita 30 hivi kila mwaka. Kwa wavutaji wa sigara wengi kasi hiyo huwa kubwa zaidi. Mwaka 1977 wataalamu wa Uingereza, Fletcher na Peto, walieleza kwamba mvutaji anapoacha, kasi ya kupungua hurudi karibu na ile ya asiyevuta, lakini nguvu iliyokwisha kupotea hairudi yote. Jambo hili lafaa kufikiriwa hasa katika mkoa wa Tabora, ambako tumbaku ni zao kuu la biashara. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha nao hudhuru mapafu, hata ya mtu ambaye hajagusa sigara maishani mwake.

Uchakavu huonekana pia ndani ya seli. Mwaka 1961 Leonard Hayflick alionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zikikuzwa maabarani hugawanyika mara 50 hivi, kisha hukoma. Mwaka 2013 Steve Horvath alieleza namna ya kukadiria umri kwa kupima alama za kikemia zinazojibandika kwenye DNA katika sehemu 353. Huko Dunedin, New Zealand, watafiti waliwapima watu 954 waliokuwa wote na miaka 38. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba umri wao wa mwili ulikuwa kati ya miaka 28 na 61. Vipimo hivi bado havijakamilika, kwani njia mbili tofauti zaweza kutoa majibu mawili kwa mtu mmoja.

Makosa ya kuepukwa

Kosa la kwanza ni kusema "ni uzee tu". Mzee akichoka, akivimba miguu au akipoteza kumbukumbu, huenda ana shinikizo la damu, kisukari au upungufu wa damu, na yote hayo yana matibabu. Kosa la pili ni la kijana anayeutegemea ujana wake. Shinikizo la damu laweza kuiharibu mishipa kwa miaka mingi bila maumivu yoyote, na halitambuliki ila kwa kupimwa.

Kosa la tatu ni kuhukumu kwa kutazama sura. Katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Tabora wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi kwa sababu ya macho yao mekundu. Mara nyingi wekundu huo husababishwa na moshi wa kuni au wa mavi makavu ya ng'ombe, baada ya miaka mingi ya kupikia familia. Hiyo ni alama ya kazi na ya jiko baya. Dawa yake ni jiko lenye bomba la kutolea moshi, na mwalimu wa sayansi ana wajibu wa kulisema hilo waziwazi darasani.

Zoezi la darasani

Kila mwanafunzi ahesabu mapigo ya moyo wake kwa dakika moja akiwa ametulia. Kisha aruke papo hapo kwa dakika mbili, ahesabu tena mara moja, na baadaye kila baada ya dakika moja mpaka mapigo yarudi yalivyokuwa. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo asiruke. Aandike hesabu za wenzake. Majibu yaandikwe ubaoni pamoja na umri wa kila mmoja. Darasa litaona kwamba wanafunzi wenye umri mmoja hawalingani. Zoezi hili halipimi uzee, wala moyo unaochelewa kutulia si lazima uwe mgonjwa. Mara nyingi ni moyo usiozoezwa. Anayefanya mazoezi kwa majuma kadhaa na kurudia zoezi hili aweza kuona mapigo yake yakitulia mapema zaidi, ingawa umri wake wa kalenda umeongezeka.