Tulifuata Kitabu Kimoja Machakos, Tukarudi na Saba

Leo tunajisema wenyewe. Kila wiki tunakuambia upange matumizi kabla ya kushika simu. Basi Alhamisi moja simu ilitushinda sisi.

Tulikuwa watatu, tumeenda Machakos kuwafundisha wafanyabiashara kupokea malipo kwa tili. Saa ya chakula cha mchana mwenzetu mmoja akasema, "Twende duka la vitabu kidogo. Binti yangu wa kidato cha nne anahitaji *Nguu za Jadi* kabla ya Jumatatu." Hiyo ni riwaya ya Clara Momanyi, mojawapo ya vitabu teule vya Kiswahili vya KCSE. Mpango ulikuwa huo tu: riwaya moja, na chenji ikibaki, kingine cha kusoma kwa gari. Mwisho shilingi 1,500.

Sasa sikia.

Ilivyokuwa

Pale mlangoni tulikutana na *Siku Njema* ya Ken Walibora, ile ya Kongowea anayetoka Tanga kumtafuta babake hadi Kitale. Wawili kati yetu tuliisoma shuleni, nakala zikapotea. Shilingi 550. Tukalipa. Rafu ya pili tukaona *Bina-Adamu!* ya K. W. Wamitila, 680. Tukalipa. Vitabu vitatu vya hadithi za watoto, 250 kila kimoja. Tukalipa. Nje, kwa muuzaji wa mitumba, kulikuwa na nakala kuukuu ya *After 4.30* ya David Maillu, mwana wa Ukambani aliyeichapisha mwenyewe mwaka 1974. Nani angeiacha? 450. Tukarudi ndani kwa sababu ya kamusi, 1,270.

Tulifika Kyumbi ndipo mwenzetu akafungua ujumbe wa simu. Shilingi 3,700, kando na ada ya kutuma. Salio alilotoka nalo nyumbani lilikuwa 3,000. Kwa hivyo kamusi ile tuliilipa kwa kufuliza, zaidi ya shilingi 700, na hatukuhisi. Tulibonyeza "kubali" kama tulivyobonyeza mara zote.

Halafu mwenzetu akapekua mfuko wa vitabu mara mbili. *Nguu za Jadi* haikuwemo.

Jioni binti aliuliza swali moja tu: "Mama, umeniletea?" Wikendi hiyo aliazima nakala ya jirani, tena kwa masharti ya kuirudisha Jumapili jioni. Cha lazima kilikosa pesa kwa sababu vya hamu vilitangulia.

Shida ilianzia wapi?

Haikuanzia kwa vitabu. Vitabu ni vizuri, na duka la vitabu linahitaji mteja. Tangu Januari 2018 serikali ilipoanza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja kwenye shule za upili za umma, maduka mengi ya mitaani yalipoteza ile biashara kubwa ya kufungua shule. Na tangu Sheria ya VAT ya mwaka 2013, kitabu hutozwa ushuru wa asilimia 16. Kwenye ile *Bina-Adamu!* ya 680, karibu shilingi 94 ni za ushuru. Mwenye duka hana pesa za bure pale.

Shida ni kwamba tulilipa mara tano. Kila malipo yalikuwa madogo. Ungekuwa na noti mkononi, ungeona zikipungua. Simu haipungui unene. Kama tungeweka vitabu vyote kaunta na kupiga hesabu mara moja, ile 3,700 ingetushtua, na viwili vitatu vingerudi rafuni.

Mambo manne ya kufanya ukiingia dukani

1. *Nunua cha lazima kwanza.* Kiandike kwa ujumbe ujitumie mwenyewe. Usiguse kingine kabla hujakilipia.

2. *Lipa mara moja.* Kusanya vyote, jumlisha, linganisha na kiwango chako, kisha lipa. Risiti moja, ujumbe mmoja.

3. *Soma jina kabla ya nambari ya siri.* Sisi tulikosea tarakimu moja ya tili, likatokea jina la duka la vipuri vya magari. Tukaghairi, hakuna kilichopotea. Kumbuka pia tofauti: kulipa bidhaa kwa tili hakumkati mteja ada, lakini kutuma kwa nambari ya mtu, kama tulivyofanya kwa muuzaji wa nje, kuna ada kulingana na kiasi. Uliza kwanza, "Una tili?" Na ukishatuma kwa mtu asiye wako, usingoje. Kwa mtumiaji wa M-Pesa, sambaza ule ujumbe wa malipo kwa 456 mara moja.

4. *Angalia salio kabla ya kubonyeza "kubali".* Kufuliza ni mkopo. Una ada, na siku zinavyosonga deni linakua. Nauli ya dharura, sawa. Kamusi inaweza kungoja mwisho wa mwezi.

Na hivi saba tutavisomaje?

Kitabu kilichokaa rafuni bila kusomwa ni pesa iliyolala. Kwa hivyo tumekaa chini tukapanga. Tunaanza na *Siku Njema*, kwa sababu inajisoma yenyewe. Kurasa 10 kwa siku, kitabu cha kurasa 200 kinaisha kwa siku 20. *Bina-Adamu!* inafuata, na hiyo inataka utulivu. *After 4.30* itazunguka kati yetu watatu, kila mmoja mwezi wake. Vile vya watoto vimeshaanza kuchanika, ishara kwamba vinasomwa.

Na hatununui kingine hadi hivi viishe. Badala yake, kila Ijumaa kila mmoja wetu anafungia shilingi 100 kwa akiba ya simu isiyotolewa kabla ya muda. Wiki 12 ni 1,200 kwa kila mtu, 3,600 kwa sisi watatu. Ni karibu pesa zile zile tulizomwaga kwa saa moja, ila hizi hazina deni.

*Nguu za Jadi* ilinunuliwa Jumanne iliyofuata. Mwenzetu aliingia dukani, akaitaja kwa jina, akasoma jina la tili, akalipa, akatoka. Anasema hakuangalia rafu hata kidogo. Sisi tunajua aliangalia, lakini ujumbe wa simu ni mmoja tu.

Wewe je, kitabu chako cha lazima ni kipi mwezi huu? Kiandike sasa, kabla hujafika mjini.