Aliyecheka na Asiyecheka: Maoni ya Watazamaji wa Bunty Aur Babli



Jioni ya Idi pili jamaa walikusanyika sebuleni kwangu, Mji wa Kale, Mombasa, kama ilivyo ada yetu. Sinia za biriani zilikwisha kuondolewa, kahawa ya tangawizi ikazungushwa, na mabinti wakaomba ruhusa ya kuweka filamu ya Kihindi. Waliyoichagua ni ya siku nyingi kwao, lakini kwetu sisi watu wazima ni kama ya juzi: Bunty Aur Babli, iliyotoka Mei 2005. Najua wapo watakaouliza, "Sheikh, nawe wakaa kutazama filamu?" Nawajibu kwamba watoto wataitazama nikiwapo au nisipokuwapo. Nami naona heri nikiwapo, nipate kujua wanacheka nini.

Nilichokisikia jioni ile ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Tangu hapo nimekuwa nikiwauliza watu maoni yao juu ya filamu hii: akina mama, vijana na wazee wa barazani. Aghalabu wameiona, na aghalabu wameipenda. Lakini sebuleni kwangu alikuwako mmoja ambaye hakucheka, nami nitamfikia mahali pake.

Kwa asiyekijua kisa, nakifupisha. Rakesh Trivedi ni kijana wa Fursatganj, mji mdogo wa jimbo la Uttar Pradesh, kaskazini mwa India. Baba yake ni mkaguzi wa tikiti katika reli, naye ataka mwanawe avae koti lilo hilo. Mwana hataki, kichwa chake kimejaa mipango ya biashara kubwa. Vimmi Saluja naye ni binti wa mji mwingine mdogo, aota kushinda shindano la urembo la India, na wazazi wake wamekwisha kumpangia mume. Kila mmoja atoroka kwao, wakakutana stesheni ya gari la moshi. Tajiri mmoja aiiba fikra ya biashara ya kijana, nao wakamlipizia kwa hila. Hapo ndipo walipoonja utamu wa mali isiyotolewa jasho. Wakajiita Bunty na Babli, na neno "aur" maana yake ni "na". Tangu siku hiyo wakawa wazunguka India wakitapeli wenye maduka, wenye hoteli na wageni.

Jina la mji ule limenifikirisha. "Fursat" kwa Kiurdu ni wasaa wa mapumziko, na asili yake ni neno la Kiarabu ambalo sisi twalitamka "fursa". Vijana wale waliukimbia mji wa wasaa kwenda kuitafuta fursa, na walipoikosa mlangoni wakapitia dirishani.

Mapenzi yetu na filamu za Kihindi si ya jana. Wazazi wetu walipanga foleni mbele ya sinema za Naaz na Majestic hapa Mombasa, na bibi wengi wa Pwani wafahamu Kihindi cha mapenzi na cha ugomvi bila ya kuingia darasa lolote. Mwaka 1994 mtafiti Minou Fuglesang alitoa kitabu kizima kuhusu wanawake vijana wa Lamu na ukanda wa video majumbani mwao, na humo filamu za Kihindi zina nafasi kubwa. Wanawake wale walikuwa wakitazama na kujadiliana: nani alimkosea nani, mkwe gani ana haki, mavazi gani yafaa kushonwa. Hivyo ninapouliza maoni ya watazamaji sianzishi jambo geni.

Maoni ya kwanza ni ya vijana, nayo yasema: hii ni furaha tu, Sheikh, usiifanye hutuba. Wanaoibiwa ni matajiri wenye kiburi, hakuna anayepigwa risasi, na hakuna damu. Wana hoja. Jina la filamu lawakumbusha wengi Bonnie na Clyde, wapenzi wa Marekani waliopora mabenki na maduka, wakaua watu, na mwisho wao wenyewe wakauawa na askari mwaka 1934. Mwongozaji Shaad Ali hakuichukua ile damu. Alichukua wapenzi wawili, gari la moshi na rangi za miji midogo, akatia vichekesho na muziki wa Shankar, Ehsaan na Loy.

Maoni ya pili ni ya akina mama. Wao wakumbuka mavazi kabla ya wizi, kwani zile kurta fupi zenye kola alizovaa Rani Mukerji ziliigwa sana masokoni India. Lakini ukikaa nao zaidi, wakwambia jambo zito. Mama mmoja wa Kizingo aliniambia kwamba kilichompendeza ni adabu baina ya vijana wale wawili: kijana hakumtumia binti kisha akamwacha, alimwoa, wakapata mtoto, na mtoto ndiye aliyewafanya watake kuacha wizi. Mwingine alimkatiza papo hapo: "Na wazazi walioamka asubuhi wakakuta kitanda kitupu? Wao nani awaonee huruma?" Wakabishana hadi adhana ya alasiri. Mimi niliona kila mmoja ameshika ncha moja ya ukweli. Binti yule hakuwa mbaya tangu mwanzo. Alipangiwa mume kabla ya kuulizwa ataka nini, na mlango wa mazungumzo ukifungwa nyumbani, mlango wa stesheni uko wazi.

Maoni ya tatu ni ya wazee wa barazani. Wao hawasemi habari ya Bunty wala Babli. Wasema habari ya Amitabh Bachchan, aliyecheza afisa wa polisi Dashrath Singh, mwenye kuwawinda wezi wale mji hata mji. Kijana anayewindwa ni Abhishek, mwanawe wa kumzaa, na filamu hii ndiyo ya kwanza kuwaonyesha baba na mwana wakiigiza pamoja. Wazee walifurahia hilo mno. Wimbo wa "Kajra Re", anaocheza Aishwarya Rai katika nyumba ya ulevi, waliutajia macho yakitazama chini, kisha mmoja akaanza kuuvumisha bila ya kujijua. Nikanyamaza.

Sasa narudi sebuleni kwangu. Filamu ilifika pale ambapo Babli ajifanya waziri wa serikali, wakamuuzia tajiri wa Kizungu Taj Mahal yenyewe, lile kaburi ambalo Shah Jahan alimjengea mkewe Mumtaz Mahal katika karne ya 17. Hila hii haikutoka hewani. India yasimuliwa habari za tapeli Mithilesh Kumar Srivastava, aliyejulikana zaidi kwa jina la Natwarlal, ambaye yasemekana aliwahi kuwauzia watu Taj Mahal kwa hati za uongo. Hata jina lake likaingia katika filamu ya mwaka 1979, Mr. Natwarlal, naye Amitabh huyo huyo ndiye nyota wake.

Sebule nzima iliangua kicheko. Binti yangu mdogo akapiga makofi, akasema, "Yailahi, Mzungu huyu hana akili! Mtu aonyeshwa karatasi, naye atoa fedha!"

Dada yangu mkubwa alikuwa ameketi pembeni na kikombe chake. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nami shangazi yako sina akili?"

Kicheko kikakatika. Dada yangu ni mjane. Kwa miaka saba aliamka kabla ya alfajiri kukaanga mahamri na kupika mbaazi, akaweka akiba yake kidogo kidogo, hata akapata ya kununulia kiwanja kaskazini ya mji. Waliomuuzia walikuwa mume na mke, wenye salamu nzuri na kauli laini. Walimletea nakala ya hati yenye muhuri, wakamtembeza kiwanjani, wakala chakula chake. Alipokwenda na fundi kuchimba msingi alikuta mwenye mali ameketi chini ya mnazi wake. Wale wawili hawakuonekana tena. Nasi jamaa zake tukamwongezea dhiki, kwani kila aliyekuja kumpa pole alianza kwa kusema, "Lakini vipi hukuuliza?"

Basi nikafahamu ni kitu gani filamu hii yatuficha. Kamera hukaa na anayetapeli. Twajua ndoto zake, twamjua mamake, twataka afaulu. Aliyetapeliwa huonekana dakika chache, mdomo wazi, kisha tukaondoka kwenda mji mwingine. Huyo Mzungu hatukuonyeshwa usiku wake. Ndiyo maana twacheka, wala si kwa sababu tu waovu. Kicheko chahitaji kwamba mmoja asiwe na uso.

Mwisho wa kisa ndio uliowagawa watazamaji niliowauliza kuliko jambo lolote. Dashrath Singh awakamata, wamekwisha kuwa wazazi na wajuta. Aona majuto yao ni ya kweli, akawaachia. Hatimaye arudi kuwaita waisaidie serikali kuwakamata matapeli wengine. Wengi waliniambia hapo ndipo walipolia, kwani mtu aliyepotea amepewa njia ya kurudi. Nami sibezi machozi hayo. Rehema ni jambo kubwa, na mlango wa toba hatukuwekwa sisi kuufunga.

Lakini mwanachuoni Imam Nawawi ameeleza katika Riyadhus-Salihin kwamba dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake toba yake ina masharti matatu: kuiacha, kuijutia na kuazimia kutoirudia. Ikiwa imegusa haki ya mtu, huongezeka sharti la nne, nalo ni mwenye haki kurejeshewa haki yake au kuombwa radhi. Bunty na Babli walitimiza matatu, na la nne halikutajwa. Afisa yule alisamehe kwa moyo mwema, lakini alisamehe mali isiyokuwa yake. Ni mfano wa mimi kumkuta mtu aliyemwibia jirani yangu, akalia mbele yangu, nikamwambia, "Nenda, nimekusamehe." Jirani yangu je?

Filamu ilipotoka ilikuwa miongoni mwa zilizoingiza fedha nyingi India mwaka ule, na magazeti ya huko hadi leo, wakikamatwa mume na mke au wapenzi wanaotapeli watu, huwaita "Bunty na Babli". Jina la uchekeshaji limekuwa jina la wahalifu wa kweli. Mwaka 2021 ikatoka sehemu ya pili. Rani Mukerji alirudi, na nafasi ya Abhishek ikashikwa na Saif Ali Khan. Humo Rakesh ni mkaguzi wa tikiti huko Fursatganj, amelivaa koti lile lile alilolikimbia, na vijana wasomi wasio na kazi watapeli watu kwa jina lake la zamani. Sehemu hii haikupata mafanikio ya ile ya kwanza. Hata hivyo fikra yake ina maana: hila uliyoiacha bila ya kuilipa hupata warithi.

Je, tuwakataze watoto filamu hii? Kila mzazi ni mchunga wa nyumba yake. Zimo nyimbo na mavazi ambayo nyumba nyingi hazitayaridhia, na hilo sina haja ya kulirefusha. Ninalolishauri ni kwamba ikitazamwa, isitazamwe na watoto peke yao, na ikimalizika isizimwe kimya kimya. Waulizwe: nani aliyeibiwa hapa? Nyumbani kwake kulikuwaje usiku ule? Alirudishiwa? Maswali haya hayaui furaha, ila yampa uso yule asiyekuwa nao.

Na kwa akina mama na dada wanaoweka akiba zao katika vyama, nawausia: nakala ya hati si kiwanja, hata ikiwa na mihuri kumi. Nendeni ofisi ya msajili wa ardhi, muitishe taarifa rasmi ya kiwanja hicho, mjue jina lililoandikwa ni la nani na kama kina deni au kesi. Muulizeni na jirani anayepakana nacho. Fedha zisitoke kabla ya hayo, wala msione haya. Muuzaji wa kweli hakasiriki kuulizwa. Aliyekwisha kutapeliwa naye, tafadhali, msianze na "vipi hukuuliza". Anzeni na pole, kisha mfuatane naye kituo cha polisi.

Usiku ule, wageni walipokwisha kutoka, binti yangu alikuja akasimama mlangoni. Akaniuliza, "Baba, wale waliomuuzia shangazi kiwanja, wakitubu huko waliko, itakubaliwa?" Nikamwambia kukubaliwa kwa Mwenyezi Mungu hatuwezi kukusemea sisi, lakini njia yao ya toba yapita mlangoni kwa shangazi yake. Akafikiri kidogo. Kisha akenda kumwomba shangazi yake radhi kwa kile kicheko, nami nikawasikia wakizungumza jikoni hadi usiku mwingi.