Siku moja kati ya moto na barafu: barabara ya kusini mwa Iceland

Kila mwaka, hasa kati ya Juni na Agosti, maelfu ya wageni hukodi mjini Reykjavik magari madogo yaliyotiwa kitanda na jiko, kisha huelekea mashariki kuyafuata maporomoko ya maji ya kusini mwa Iceland. Barabara ni ya lami na mandhari yake yamepigwa picha mara zisizo na idadi. Lakini barabara hiyo imepita juu ya nchi ambayo bado inaumbwa, na wenyeji wake hawalisahau jambo hilo.

Iceland ni kisiwa chenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 103,000 na wakazi wasiofika laki nne. Kimekaa juu ya mpaka wa mabamba mawili ya gamba la dunia, lile la Amerika ya Kaskazini na lile la Ulaya na Asia, ambayo yanaachana kwa kiasi cha sentimita mbili kila mwaka. Msikilizaji aliyekulia Afrika ya Mashariki hatapata taabu kulielewa hilo, kwa sababu Bonde la Ufa, linaloteremka kutoka Ethiopia kupitia Kenya hadi Tanzania, nalo ni mpasuko wa ardhi inayoachana. Tofauti ni kwamba huko linalopasuka ni bara, ambapo Iceland ni sakafu ya bahari iliyoinuliwa na volkano hadi ikachomoza juu ya maji.

Mfanano huo unaonekana mapema safarini. Kiasi cha nusu saa baada ya kuuacha mji mkuu, Barabara Namba Moja hupanda uwanda wa mawe meusi, na upande mmoja huonekana mawingu meupe yakitoka ardhini. Hicho ni kituo cha Hellisheiði, kilichoanza kazi mwaka 2006, ambacho huzalisha umeme wa megawati 303 kwa mvuke wa ardhini na kupeleka maji ya moto kwa mabomba hadi majumbani Reykjavik. Mtu aliyepita Olkaria, karibu na Naivasha, ataitambua picha hiyo mara moja. Wala si mfanano wa macho tu. Mwaka 1978 ilianzishwa nchini Iceland programu ya mafunzo ya jotoardhi chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, na miongoni mwa mataifa yaliyopeleka wataalamu wengi zaidi ni Kenya.

Baada ya hapo barabara hushuka kwenye nyanda za malisho, na kwa zaidi ya saa moja hakuna jambo kubwa la kusimulia, ila farasi wadogo wenye manyoya marefu na upepo unaolisukuma gari upande.

Maporomoko yaliyokuwa pwani

Kilomita zipatazo 120 kutoka Reykjavik linatokea poromoko la Seljalandsfoss. Maji yake huanguka kiasi cha mita 60 kutoka ukingo wa jabali, na kwa kuwa jabali limeliwa kwa ndani, ipo njia ya miguu inayopita nyuma ya maji yenyewe. Anayepita hapo hutoka amelowa chapachapa.

Wageni wengi huondoka bila kujiuliza kwa nini maji yaanguke mahali hapo hasa. Jibu liko nyuma ya mgongo wao, katika uwanda tambarare unaokwenda hadi baharini. Jabali hilo zamani lilikuwa ndio pwani, na mawimbi ya Atlantiki yalikuwa yakilipiga miguuni. Zama za barafu zilipokwisha, nchi iliyokuwa imelemewa na uzito wa barafu iliinuka, na mafuriko yaliyotoka kwenye volkano yakaleta mchanga na changarawe, yakaisukuma bahari mbali. Mito ikabaki inaangukia nchi kavu. Kwa maneno mengine, kila poromoko katika ukingo huo ni alama ya mahali bahari ilipofika. Uwanda wa mashamba na barabara uliopo chini yake kwa sehemu kubwa ni zawadi ya mafuriko yaleyale ambayo wenyeji wanayaogopa.

Juu ya jabali, siku isiyo na mawingu, kunaonekana kofia nyeupe ya Eyjafjallajökull, jina lililowatoa jasho watangazaji wa lugha zote mwaka 2010. Mlipuko mdogo ulianza pembeni mwa mlima huo tarehe 20 Machi. Tarehe 14 Aprili moto ukahamia chini ya barafu yenyewe, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Mawe yaliyoyeyuka yanapokutana na maji ya barafu hupoa ghafla na kupasuka vipande vidogo mno, na mvuke hurusha majivu hayo laini juu sana angani. Upepo uliokuwa ukivuma kuelekea kusini-mashariki uliyachukua hadi Ulaya. Kwa kuwa majivu ya namna hiyo huweza kuyeyuka ndani ya injini za ndege na kuzizima, anga ya nchi nyingi ilifungwa kwa siku kadhaa. Safari zaidi ya laki moja zilifutwa na abiria wapatao milioni kumi wakakwama.

Athari zilifika Naivasha. Maua yanayokatwa huko hayana subira. Husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya, mengi yakielekea minada ya Uholanzi, na yakikosa ndege siku mbili tatu thamani yake imekwisha. Mwezi Aprili mwaka huo maua na mboga vilioza katika maghala ya wakulima na ya uwanja wa ndege wa Nairobi, na maelfu ya vibarua wakaambiwa wabaki nyumbani. Kwa mama aliyekuwa akilipwa kwa siku, volkano ambayo hakuweza hata kulitamka jina lake ilikuwa imefika mezani kwake.

Chini ya mlima wenyewe shida ilikuwa nyingine. Watu wapatao 800 walihamishwa. Barafu iliyoyeyuka iliteremka kama mto wa matope, na mafundi wa barabara wakaikata kwa makusudi Barabara Namba Moja kwa mashine, ili maji yapate pa kupita na daraja kubwa la mto Markarfljót lisichukuliwe. Lilinusurika.

Jambo la kushangaza ni lililofuata. Mwaka huo wa 2010 wageni waliozuru Iceland hawakufika nusu milioni. Mwaka 2018 walipita milioni mbili. Yako maelezo mengi ya ongezeko hilo, lakini ni vigumu kuamini kwamba picha za volkano zilizozunguka duniani hazikuwa na mchango wake.

Mashariki zaidi liko poromoko la Skógafoss, refu kiasi cha mita 60 na pana mita 25. Hapa maji hayapepei kama pazia, bali hushuka kwa uzito mmoja. Jua likitoka, upinde wa mvua husimama mbele yake. Wenyeji husimulia kwamba Þrasi, mmoja wa walowezi wa kwanza, alificha sanduku la dhahabu nyuma ya maji hayo, na kwamba aliyewahi kujaribu kulivuta aliambulia pete yake tu.

Mlima ulio kimya

Baada ya Skógafoss, barabara inapita chini ya kofia kubwa zaidi ya barafu, Mýrdalsjökull. Ulimi wake mmoja, Sólheimajökull, uko karibu na barabara, na wanafunzi wa shule ya eneo hilo wamekuwa wakiupima kila mwaka tangu 2010. Umerudi nyuma kwa mamia ya mita, na mahali ulipokuwa sasa pana ziwa.

Chini ya Mýrdalsjökull imelala Katla, na hiyo ndiyo volkano inayowanyima usingizi watu wa kusini kuliko Eyjafjallajökull. Mara ya mwisho kulipuka kwa nguvu na kuipasua barafu ilikuwa mwaka 1918. Mafuriko yake, ambayo kwa Kiaislandi huitwa jökulhlaup, yalibeba vipande vya barafu vyenye ukubwa wa nyumba na mchanga mwingi kiasi cha kuisogeza pwani ndani ya bahari. Katika mji mdogo wa Vík kanisa limejengwa juu ya kilima, na watu hufundishwa kukimbilia huko mafuriko yakija. Mlima ukionyesha dalili, mamlaka hutuma ujumbe kwa simu zote zilizo katika eneo hilo, zikiwemo za wageni.

Karibu na Vík uko ufuko wa Reynisfjara, wenye mchanga mweusi na nguzo za mawe ya basalti zilizopangika kana kwamba zimechongwa na fundi. Watu kadhaa wamefia hapo, akiwemo mtoto mwaka 2025. Bahari huonekana imetulia, kisha wimbi moja hupanda ufukweni mbali kuliko mengine na kumvuta mtu kwenye maji ya baridi kali. Tangu 2022 kumewekwa taa za kuonya. Inapowaka nyekundu, hakuna anayepaswa kuteremka kwenye mchanga. Wengi huteremka.

Ng'ambo ya Vík unaanza uwanda wa mchanga wa Mýrdalssandur, uliomwagwa na Katla kwa karne nyingi. Mwezi Julai 2011, katikati ya msimu wa wageni, mafuriko yaliyotoka chini ya barafu hiyo yalilizoa daraja la mto Múlakvísl. Daraja la muda lilikamilika baada ya wiki moja hivi. Ni kwa sababu ya mito ya namna hii barabara inayozunguka kisiwa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,300, haikukamilika hadi mwaka 1974.

Kwa anayefikiria safari hii, yako mambo ya kujua kabla ya kuchukua funguo. Safari ya ndege kutoka London ni ya saa tatu hivi, lakini Iceland imo katika eneo la Schengen, na mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anayeishi Uingereza anahitaji viza, kwani kibali cha kuishi Uingereza pekee hakimtoshi. Magari hupita kulia. Madaraja mengi ni ya gari moja, na anayefika kwanza ndiye hupita kwanza. Mlango hufunguliwa kwa mkono ulioushika barabara, maana upepo umeng'oa milango mingi. Kuendesha nje ya barabara ni kosa la jinai, na tangu 2015 sheria inakataza kulala ndani ya gari la namna hii nje ya kambi rasmi bila idhini ya mwenye ardhi.

Sababu ya masharti hayo inaonekana katika saa ya mwisho ya safari, pale barabara inapovuka Eldhraun. Ni bahari ya mawe iliyofunikwa kwa kuvumwani, mmea laini wa rangi ya kijivu na kijani unaokua taratibu mno. Alama ya kiatu kimoja huweza kukaa miaka mingi. Chini ya zulia hilo kuna lava ya mwaka 1783, wakati ardhi ya Laki ilipopasuka ikatoa kasoko zaidi ya mia moja na kumwaga moto kwa miezi minane. Gesi zake zilitia sumu kwenye majani, mifugo mingi ikafa, na njaa iliyofuata ikachukua takribani mtu mmoja katika kila watano nchini.

Kambi ya kulala iko mbele kidogo, katika kijiji cha Kirkjubæjarklaustur. Tarehe 20 Julai 1783, lava ikiwa imekaribia, mchungaji Jón Steingrímsson aliwakusanya watu kanisani akaendesha ibada, akijua kwamba huenda ikawa ya mwisho. Ibada ilipokwisha walitoka nje, wakakuta mto wa moto umesimama na haujasogea. Kanisa dogo la kumbukumbu yake lilizinduliwa mwaka 1974, mwaka uleule barabara ilipokamilika, na kaburi lake liko karibu. Mwishoni mwa Juni jua huchelewa kuzama mahali hapo hadi muda mfupi kabla ya saa sita usiku, hivyo mgeni aliyefika akiwa amechoka bado ana mwanga wa kulitazama.