Mtoto Atembeaye kwa Vidole

Somo letu la leo ni juu ya mtoto atembeaye kwa ncha za vidole, visigino visiguse chini.

Mtoto aliyeanza kutembea juzi akichuchumia, usishtuke. Wengi huacha wenyewe. Lakini akipita miaka 3 bila kuacha, au akichuchumia mguu mmoja tu, au alikuwa akikanyaga vizuri kisha akabadilika, mpeleke hospitali. Usimfiche ndani, wala usitafute aliyemroga. Huenda ana mtindio wa ubongo au ugonjwa wa misuli. Na ukano wa kisigino ukikaza, huzidi kuwa mgumu kadiri anavyokua.

Daktari akimpima atachagua matibabu. Kwanza ni mazoezi: mnyooshe goti, shika kisigino, inua unyayo polepole, hesabu mpaka 30. Usimwumize, fanya kila siku, kama utakavyoonyeshwa. Pili ni kifaa cha kushikilia mguu. Tatu ni piopi, ile plasta ngumu: hubadilishwa kila wiki moja au mbili, na kila mara unyayo huinuliwa kidogo zaidi. Nne, ukano ukikataa kulegea, hurefushwa kwa upasuaji.

Anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sumbawanga. Ikibidi, utaandikiwa kwenda Mbeya. Safari ni nauli, kweli. Lakini ukano haungoji mavuno.