Walinzi wa Kuazima

Nani ameuliza kwa nini daktari wa mifugo amempima ng'ombe Mabaka mara tatu? Wewe? Hongera, mpwa wangu! Sogea hapa.

Mama yake Mabaka alikuwa na brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba. Mabaka alipozaliwa tu, alinyonya dang'a, yale maziwa mazito ya njano. Alipofika miezi 2, mwenye boma akataka apimwe. Alikuwa na haraka, masikini! Daktari akatoa damu shingoni, akaiacha igande, akachukua maji yake. Tone moja juu ya kibao cheupe. Tone jingine la dawa ya waridi, yenye brusela, vijidudu vya ugonjwa huo, waliokufa. Akatikisa taratibu, dakika 4. Waridi likafanya chembechembe, kama maziwa yaliyokatika.

"Mjomba, basi anaumwa?"

Tumuulize mwenyewe.

"Hao walinzi si wangu," akasema Mabaka. "Ni wa mama. Niliwanywa kwenye dang'a."

Walinzi hao ndio kingamwili. Wakimkuta brusela humkamata, ndiyo maana tone hukatika. Lakini wa dang'a ni kama sufuria ya kuazima: utapikia, kisha mwenyewe ataifuata. Baada ya miezi 6 hivi daktari alirudi. Akatikisa kibao. Tone likabaki laini.

"Sasa amepona?"

Polepole! Hapa hata wakubwa hujikwaa. Ndama wengi wanaoambukizwa na mama huwashinda brusela. Wachache hubaki nao, wamejificha kwenye tezi, kama kaa chini ya majivu. Hawafanyi fujo, walinzi hawaitwi. Ukipima, tone laini. Ukipima tena, tone laini.

Mabaka akawa mtamba. Akapandwa, akashika mimba. Sasa sikia: kondo la ng'ombe lina sukari iitwayo eritritoli, na brusela wanaipenda kama wewe unavyopenda muwa. Kaa likapata kuni. Brusela wakazaana, na mwili wa Mabaka ukapiga mbiu. Mwezi wa 7 wa mimba, akaitupa.

Daktari akaja mara ya tatu, akatikisa kibao. Tone likakatika.

"Hawa sasa ni wangu," akasema Mabaka, kichwa chini.

"Mjomba, kwa hiyo tone la utotoni na tone la leo si habari moja?"

Si moja kabisa! Umeliona mwenyewe. Ndiyo maana daktari, kabla hajafungua sanduku lake, huuliza kwanza: ng'ombe huyu ana umri gani, na amekwisha kuzaa?

Haya, kimbia jikoni. Mwambie mama maziwa ya leo yachemke sawasawa.