Nyumba iko tupu, watu saba mu chumba kimoja

Ukipita mu avenue moja ya Kolwezi saa kumi na mbili ya asubui, pa Mutoshi, pa Kanina ao kule Manika, utaona mambo mbili zinaangaliana. Upande huu, nyumba ya matofali, mabati mapya, mulango ya chuma yenye kadenasi, na pa ukuta wameandika kwa rangi kama nyumba ni ya kulipisha. Ile maandiko imekwisha kupigwa na mvua ya miaka mbili. Upande ule, aneksi ya vyumba vitatu. Watu wanatoka mule mumoja mumoja, mpaka unajiuliza walikuwa wanalala namna gani: baba, mama, batoto, na bandugu mbili waliofika toka kijiji kutafuta kazi ya kuchimba. Choo ni moja kwa wote.

Kwa nini hawa hawavuke avenue na kuingia mule ndani? Jibu la kwanza kila mutu analijua: feza. Lakini feza gani?

Mwenye nyumba, ule tunaita bayere, alijenga wakati kobalti ilikuwa juu. Mu 2018 tone moja ilipita dola 90 000. Wakati ule kila mutu mwenye paseli alinunua sima, na bayere akajiambia: kampuni fulani itakuja kukamata nyumba hii kwa wa enjeniere wake, italipa mwaka muzima mara moja. Mwaka uliofuata tone ikashuka chini ya dola 30 000. Ikapanda tena, ikashuka tena, mpaka serikali ikasimamisha kutosha kobalti inje ya inchi tarehe 22 Februari 2025. Bei ya kobalti inashuka kwa wiki moja. Bei ya nyumba, bayere hataki kuishusha ata kidogo, anangojea. Anaona heri nyumba ibaki bila mutu kuliko kuitoa kwa bei ya muchimbaji.

Kisha kuko garanti. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupanga nyumba inasema wazi kama kwa nyumba ya kulala, garanti haiwezi kupita miezi tatu. Lakini enda kwa komisionere. Mara nyingi ataomba miezi sita, na juu yake mwezi moja ya kwake yeye. Mufanyakazi wa kampuni anaweza kukopa. Muchimbaji wa mukono hana mushahara wa mwisho wa mwezi. Leo anapata, wiki mbili zijazo anakula madeni. Garanti ya miezi sita ataitosha wapi? Njo maana anabakia mu chumba kimoja na familia yake, na ndugu zake wanamufwata palepale. Watu walioamishwa juu ya mugodi kupanuka, kama pa Cité Gécamines, nao wanatafuta vyumba mu mitaa ileile.

Sasa tuseme juu ya mwili. Tuberkulozi, ile kifua kikuu, inapita mu mupepo. Mugonjwa anakohoa, vijidudu vinabaki mu mupepo ya chumba, na kama dirisha ni moja, tena imefungwa juu ya kuogopa wezi, wote wanaolala mule wanavuta ileile usiku muzima. Jua na mupepo vinaviua ao kuvifukuza. Giza na watu wengi vinavilinda. Na kwa mutu wa mugodi hatari ni mara mbili, kwa sababu vumbi ya mawe inakwisha kuumiza mapafu yake, na mapafu yenye vumbi inakamatwa na tuberkulozi kwa upesi. Mutu akikohoa kupita wiki mbili, aende pa sentre ya afya: dawa ni bure, na inakunywiwa kwa miezi sita bila kuruka. Wengi wanaacha mwezi wa pili wakijisikia wazima, kisha wanarudi kukohoa mu chumba kilekile.

Na nyumba tupu? Watu wanafikiri haina ubaya, kwa sababu haina mutu. Iko nao. Siterni bila kifuniko inajaa maji ya mvua, na mbu ya malaria inapenda sana maji safi iliyotulia. Haiangalie ukuta: inaruka avenue na kuingia mu aneksi, kwa batoto. Musalani ya zamani inabomoka. Mu paseli ile yenye majani marefu watu wa jirani wanaanza kutupa takataka, na usiku wengine wanaenda kujisaidia mule. Kama kisima cha jirani kiko karibu na hakikujengwa vizuri, mvua ya kwanza itapeleka uchafu ndani, na kuhara ao kolera itajua njia.

Kasulo ilituonyesha nyumba tupu ya namna ingine. Tangu 2014, watu walipogundua kobalti chini ya paseli zao, wengine walichimba mpaka ndani ya vyumba. Wanaganga na wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wa Leuven, Ubelgiji, walipima damu na mikojo ya watu wa mutaa ule na vumbi ya nyumba zao. Mu 2018 walitangaza kama kobalti mu mwili wa wale watu ilikuwa mingi kupita ya watu wa mutaa mwengine, na zaidi kwa batoto. Kwa hiyo bibi anayepata chumba cha bei ndogo pale pa kuchimbiwa ao kusafishia mawe, aulize kwanza kulifanywa nini mule ndani. Asifagie vumbi kavu. Apige chini na kitambaa cha maji.

Wazee watasema: wakati wa Union Minière haikukuwa vile. Ni kweli nusu. Miaka ya kwanza wafanyakazi walikufa wengi na magonjwa ya mapafu mu kambi, na ni kuanzia 1928 kampuni ilipoanza kwa nguvu kuita watu waje na bibi na batoto. Haikufanya vile juu ya upendo: mufanyakazi anayekufa ni hasara. Na ulipopoteza kazi, ulitoka mu nyumba. Nyuma ya Gécamines kuanguka, na watu zaidi ya 10 000 kuondoka mu ile « départ volontaire » ya 2003, kambi zilibadilika. Leo nyuma ya nyumba moja ya kambi utakuta aneksi mbili ao tatu, na choo ni ile ya zamani.

Hesabu ya mwisho ya watu wote wa inchi yetu ilifanyika 1984. Lakini shefu wa avenue anajua kila mulango. Anaweza kuandika nyumba gani hazina mutu, na kuita wenyewe wafunike siterni, wakate majani, wajaze musalani iliyobomoka. Bayere mwenyewe anaweza kuweka mule familia moja kwa bei ndogo, na barua yenye tarehe ya kutoka, kuliko kulipa sentinele wa kulinda nyumba bila mutu. Na lokatere anayeombwa miezi sita, aombe kuona sheria inayosema vile, na asitoe franka moja bila risiti.